Mkulima Aliyepiga Picha Theluji

Huku kwetu Ewuaso Kedong theluji hatuijui ila vitabuni. Baridi yetu ni ya Julai, umande ukilala juu ya majani ya leleshwa na nyuzi za buibui. Hata hivyo, kila nisikiapo mwalimu akidai kuwa sayansi haifundishiki pasipo maabara, mimi humkumbuka Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, jimbo la Vermont, Marekani.

Bentley alizaliwa mwaka 1865. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, alimsomesha nyumbani hadi umri wa miaka 14, naye ndiye aliyempa hadubini. Kijana alijaribu kuzichora chembe za theluji, lakini ziliyeyuka kabla hajamaliza. Ndipo wazazi wakamnunulia kamera, ingawa baba aliuona mchezo huo kuwa upuuzi. Bentley aliiunganisha na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa hajatimiza miaka 20, akapata picha yake ya kwanza ya fuwele ya theluji.

Kazi hiyo ilitaka subira ya ajabu. Alizipokea chembe kwa ubao mweusi, akaihamisha moja kwa kijiti hadi kwenye kioo, akailaza kwa unyoya, katika kibanda kisicho na moto, huku amezuia pumzi isije ikaiyeyusha. Kwa zaidi ya miaka 40 alipata picha zaidi ya 5,000. Wako waliomlaumu kwa kukwangua kingo za picha ili chembe ionekane juu ya weusi mtupu, na lawama hiyo haikosi uzito. Umande wa kwenye nyuzi za buibui nao aliupiga picha.

Linalonivutia zaidi, lakini, ni unga. Akitaka kujua ukubwa wa matone ya mvua, Bentley aliweka nje sahani ya unga wa ngano uliochekechwa, kwa sekunde chache tu. Kila tone likafanya kidonge, naye akavipima vidonge vilipokauka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1904. Je, ni shule gani ya Kajiado isiyo na rula? Najua unga ni chakula, ila vikombe viwili havitamlaza mtu njaa.

Kitabu chake, Snow Crystals, chenye picha zaidi ya 2,400, kilitoka mwaka 1931. Desemba ya mwaka huo huo alitembea kwa miguu katika tufani ya theluji, akashikwa na nimonia, akafariki tarehe 23 pale pale shambani Jericho.