Mary Cassatt na Watoto wa Pwani

Safari hii tunawaletea maisha ya mwanamke mchoraji, Mary Cassatt. Tulianza kumpenda juu ya picha moja tu, aliyoichora kwa rangi za mafuta mwaka wa 1884: watoto wawili wanacheza ku mchanga wa pwani.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tano 1844 huko Allegheny, karibu na Pittsburgh, Marekani. Nyumba yao ilikuwa na mali. Lakini msichana alipotaka kuwa mchoraji kabisa, si wa kupitisha wakati, baba yake alikataa. Yeye hakulegea. Alisoma uchoraji Philadelphia, halafu mwaka wa 1866 akaenda Paris. Kule tena mlango umefungwa: shule kubwa ya serikali ya uchoraji ilikuwa haipokei wasichana, na iliendelea hivyo mpaka 1897. Basi afanye nini? Alijilipia masomo kwa Bwana Gérôme, na siku zingine alikaa ndani ya jumba la Louvre akinakili kazi za wakubwa wa zamani. Wenzetu wanaolalamikaka kila mtihani wasome hapo mara mbili.

Mwaka wa 1868 picha yake ilipokelewa kwenye Salon, maonyesho makubwa ya Paris. Kisha vita vya 1870 vikamrudisha kwao. Baba alimpa chakula na nguo, lakini feza ya rangi, hapana. Picha alizopeleka Chicago ili ziuzwe, zingine ziliungua katika moto mkubwa wa 1871. Hapo wengi wangeachia. Ni askofu wa Pittsburgh aliyemfungulia njia, akamtuma Italia kunakili picha za Correggio, na Mary akapanda meli upesi.

Mwaka wa 1877 Salon ilimkatalia picha zake. Mwaka ule ule mchoraji Degas akamwita ajiunge na kundi la Waimpreshonisti. Hao walitaka kuonyesha mwangaza kama jicho linavyouona saa ile ile, kwa mipigo mifupi ya brashi, na watu wengi waliwacheka. Mary alikuwa Mmarekani peke yake aliyeonyesha picha pamoja nao.

Wazazi wake walikuja kukaa Paris pamoja na dada yake mkubwa, Lydia. Huyu Lydia ndiye aliyekaa mbele yake mara mingi ili achorwe. Alikuwa na ugonjwa wa figo, akafa mwezi wa kumi na moja 1882. Mary alikaa muda bila kuweza kazi.

Sasa turudi kwa picha yetu. Wengi wetu hatujaona bahari, paka ziwa, lakini watoto hawa tunawajua. Wamevaa mavazi meupe ya kukinga nguo. Wa mbele, mashavu mekundu, anainama na kushika beleshi lake la kuchezea. Ndoo iko karibu. Mwenzake wa nyuma ana kofia. Mbali kuko maji na mashua. Hawatuangalii, wala hawasemezani, kila mmoja na kazi yake, lakini wamekaa karibu sana. Wako wanaoona ndani yao Mary na Lydia wakiwa wadogo. Sisi hatuwezi kuapa, lakini tukijua kifo cha Lydia tunaiangalia picha polepole zaidi. Na mikono ile minene! Mtu asiyezaa hata mtoto mmoja aliijua vile, kwa sababu ya kuangalia sana.

Macho hayo ndiyo yaliyomwacha. Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur mwaka wa 1904, lakini kufika 1914 haoni vizuri tena, akaweka brashi chini. Mwaka wa 1915 picha zake zilitundikwa New York katika maonyesho ya kusaidia wanawake wapate kura. Sheria ya kura ilipita kule 1920, yeye akiwa karibu kipofu katika nyumba yake ya Beaufresne, mashambani mwa Ufaransa. Alifia hapo tarehe 14 mwezi wa sita 1926, miaka 82. Watoto wake wa pwani tangu 1970 wako Washington, katika jumba la taifa la picha, na yule mdogo wa mbele hajainua kichwa bado.