Kinjikitile wa Ngarambe: mshauri aliyefuatwa na machifu na wakulima

MKULIMA wa bonde la Rufiji anajua hesabu ya siku zake. Maji ya mto yakishuka, ndipo mlau unapopandwa, na mahindi yakianza kubeba lazima mtu alale kwenye dungu kuwafukuza nguruwe na nyani. Siku chache akiwa mbali na shamba, mwaka mzima umekwisha. Bila hesabu hiyo ni vigumu kumwelewa Kinjikitile Ngwale, maana watu waliomfuata walikuwa wakulima waliochukuliwa siku zao.

Mwaka 1902 utawala wa Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, ulianzisha mashamba ya pamba ya pamoja kusini mwa koloni. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Kila mwanamume mzima angefanya kazi siku 28 kwa mwaka, na mapato yangegawanywa kati ya wafanyakazi, jumbe na mfuko wa maendeleo wa wilaya. Huko mashambani mambo yalikuwa mengine. Maakida, wengi wao watu wa pwani wasio na udugu na wenyeji, walisimamia kwa kiboko, siku ziliongezwa, na zilikuwa zile zile ambazo mtu angekuwa shambani kwake. Katika wilaya ya Dar es Salaam malipo ya mwaka wa kwanza yalifika takriban senti 35 kwa mtu, na wengi wakakataa kuzipokea. Mtaalamu yeyote wa uchumi wa kilimo angeona kuwa biashara hiyo haikuwa na faida kwa mzalishaji. Wakulima waliliona hilo mapema, bila kusubiri mtaalamu.

Kinjikitile aliishi Ngarambe, upande wa magharibi wa Vilima vya Matumbi. Hakuwa chifu wala tajiri. Mwaka 1904 ilisemekana amepandwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia katika kidimbwi cha mto, na ndugu zake waliokwenda kumtafuta hawakumpata. Kesho yake aliibuka nguo zake zikiwa kavu, akaanza kutabiri. Tangu zamani watu wa bonde walikuwa wakimwendea Bokero, mzimu wa Kibesa kando ya Rufiji, kuomba mvua na mavuno. Kwa hiyo habari za Ngarambe hazikuwa ngeni masikioni mwao, bali zilikuja kwa nguvu mpya.

Watu walifika kwa makundi. Wamatumbi, Wandengereko, Wakichi, Wangindo na Wapogoro, wengine wao waliokuwa na ugomvi wa miaka baina yao, walilala pamoja Ngarambe na kusikia ujumbe mmoja: wote ni watu wamoja, na wazee waliokufa wangerudi. Habari zilisambazwa kwa minong'ono kutoka mtu hadi mtu, na hata wakuu wa koo walikwenda kuomba ushauri wa mtu ambaye kwa cheo alikuwa chini yao. Hapo ndipo kipaji cha Kinjikitile kinapoonekana. Hakuwaacha wageni warudi na dawa mikononi tu. Walifundishwa mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda, na wajumbe walitumwa kuipeleka dawa sehemu ambazo yeye mwenyewe hakufika. Kwa lugha ya leo, alikuwa na chuo cha viongozi na mtandao wa mawakala, na alivijenga kwa takriban mwaka mmoja bila barua wala ofisi.

Kasoro ilikuwa katika bidhaa yenyewe. Maji yaliyochanganywa na mtama na mahindi yaliaminiwa kugeuza risasi ziwe maji. Katika jambo la kuunganisha watu Kinjikitile alikuwa mwalimu hodari. Katika jambo la bunduki hakuwa na ujuzi wowote, na hakukuwa na mtu wa kuijaribu dawa kabla ya siku ya vita. Waliomwamini kwa la kwanza walimwamini na kwa la pili.

Hata hivyo aliwaambia wangoje. Watu wakirudi nyumbani wajiandae, amri itatoka kwake. Ngarambe ikakaa kimya miezi, na Wamatumbi, ambao msimu mwingine wa pamba ulikuwa juu ya vichwa vyao, wakachoka kusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya kwanza ya pamba ya akida, na hiyo ikawa tangazo la vita. Akida wa Kibata alikimbia. Samanga, mji wa biashara kando ya bahari, ulishambuliwa, na wenye maduka wakalipia makosa ambayo mengi hayakuwa yao.

Kinjikitile hakuiona vita aliyoiandaa. Askari walimkamata pamoja na msaidizi wake, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa Mohoro, karibu na delta. Inasimuliwa kuwa hakuonyesha woga, akasema dawa imeshafika mbali. Katika hilo alikuwa sahihi. Tarehe 30 Agosti maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakiwa wamepakwa maji, wakaangushwa kwa bunduki za rashasha. Septemba Wangoni nao waliingia.

Vita iliendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba kwa makusudi, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali yao ilikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Matumbi na Rufiji miaka ya 1960, aliona idadi ilikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Götzen aliondoka 1906. Gavana aliyemfuata, von Rechenberg, aliachana na mashamba ya pamba ya lazima na kutaka mkulima Mwafrika alime na kuuza mwenyewe. Wengi wa waliopigania hilo walikuwa wamekwisha kuzikwa, na sehemu za vilima zilizokuwa mashamba zilikuwa zimerudi kuwa pori la nguruwe.