John Pender: mfanyabiashara wa vitambaa aliyetawala mikongo ya baharini

Mwenye duka wa Bwera anayeagiza vitenge ng'ambo kwa WhatsApp hutegemea mikongo iliyolala chini ya Bahari ya Hindi. Aliyeifanya mikongo ya baharini kuwa biashara kubwa naye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa.

John Pender alizaliwa Scotland tarehe 10 Septemba 1816, akatajirika kwa nguo Glasgow na Manchester. Enzi hizo habari za bei kutoka ng'ambo zilifika kwa meli. Pender akaweka fedha zake katika telegrafu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mkongo wa Atlantiki wa mwaka 1858 ulifanya kazi wiki chache tu, ukafa. Mwaka 1864 Pender alitoa dhamana ya pauni 250,000 ili kampuni mbili za kutengeneza mikongo ziungane. Mkongo wa 1865 ukakatika katikati ya bahari. Mwaka 1866 meli Great Eastern ikafaulu, na ujumbe wa maneno 20 ukauzwa pauni 20, mshahara wa miezi kadhaa wa kibarua. Mwaka huohuo Pender alivuliwa ubunge wa Totnes kwa sababu ya hongo katika uchaguzi.

Mbinu yake ilikuwa kuunda kampuni moja kwa kila mkongo, ili mmoja ukiharibika hasara isizizamishe nyingine. Mkongo ulipofika India mwaka 1870 na kuleta faida, aliziunganisha kampuni hizo mwaka 1872 kuwa Eastern Telegraph. Mwaka 1879, enzi ya Sultani Barghash, kampuni yake nyingine ilitandaza mkongo kutoka Aden hadi Zanzibar, Msumbiji na Durban. Wauza karafuu na pembe za ndovu hawakungoja tena meli kujua bei ya London.

Lakini njia ilikuwa moja na mwenyewe mmoja. Serikali zilimpa ruzuku na haki ya kufikisha mikongo pwani. Atlantiki, wapinzani walipoingia mwaka 1884, vita vya bei vilishusha neno moja hadi peni sita. Afrika Mashariki haikuwa na mpinzani wa kushusha bei. Pender alijitetea kwamba mikongo ni ghali na hukatika, na waliothubutu ni wachache. Alipinga pia mpango wa mkongo wa serikali kupitia Pasifiki. Alifariki tarehe 7 Julai 1896. Mkongo huo ukakamilika mwaka 1902.

Hoja zote mbili bado zina uzito kwa Kasese. Uganda haina pwani. Ilitegemea satelaiti hadi Seacom na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010. Ushindani ulipunguza bei ya jumla. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 Seacom na EASSy zilikatika pamoja karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za kanda, Uganda ikiwemo. Wenye mikongo wengi hawasaidii sana ikiwa mikongo inapita njia moja.

Na baada ya Mombasa kuna safari ya nchi kavu hadi mpakani Mpondwe. Bei ya kipande hicho, na idadi ya wanaokimiliki, ni mambo ambayo Tume ya Mawasiliano ya Uganda na wenzake wa Kenya wanapaswa kuyasimamia pamoja.