Khalil bin Ahmad na Makhraji ya Herufi
Khalil bin Ahmad Al-Farahidi alizaliwa Omani mwaka wa 100 Hijriya (718), akakaa Basra katika kibanda cha matete, fakiri, hali wanafunzi wake wakijipatia mali kwa ilimu yake. Alipokusudia kamusi ya Kiarabu hakuridhia mpango wa alifu na be. Alijijaribu kinywani mwake: hufungua kwa alifu, kisha huikomesha kwa herufi, apate kujua pumzi yazuiwa wapi. Hamza aliiona ya chini mno kooni, lakini haitulii, hugeuka. Kwa hivyo akatanguliza ain, na kitabu kikaitwa Kitab al-Ayn. Akapanda hata kafu kwenye kimio, akafika fe, be na mimu midomoni. Chombo hakuwa nacho ila ulimi na sikio. Makhraji 17 wanayohesabu wanafunzi wa tajwidi hunasibishwa kwake. Sibawayh, mwanafunzi wake, aliyahesabu 16.