Akiba Bila Sheria ni Mzigo wa Mtu Mmoja

Akiba haiozi, walinena wahenga. Hata hivyo, niliwahi kukiona chama kimoja cha akiba kijijini kwetu kikisambaratika mara tu mweka hazina wake alipofariki. Hakikuwa kimeandikishwa popote, na wajane waliodai haki yao hawakuwa na pa kushtaki. Ndiyo sababu maisha ya Alphonse Desjardins wa Canada yamenigusa mno.

Desjardins alizaliwa mwaka wa 1854 mjini Lévis, katika jimbo la Quebec. Kuanzia mwaka wa 1892 aliajiriwa na Bunge la Canada mjini Ottawa, kazi yake ikiwa kunakili mijadala ya Kifaransa. Mnamo 1897 alimsikia mbunge mmoja akisimulia kisa cha mkazi wa Montreal aliyekopa dola 150 akaamriwa kulipa riba ya dola 5,000. Wengi walisikia, wakasahau. Yeye alianza kusoma habari za benki za wananchi barani Ulaya na kuandikiana barua na wataalamu wake. Tarehe 6 Desemba 1900 akaanzisha chama cha akiba na mikopo pale Lévis. Hisa moja ilikuwa dola 5, nayo ililipwa kidogo kidogo. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, Januari 1901, zilipatikana dola 26 na senti 40.

Chama kilistawi, ila hapakuwa na sheria iliyokitambua. Laiti kingeanguka, madeni yangemwangukia Desjardins na jamaa yake. Mkewe Dorimène, aliyekiendesha mumewe alipokuwa Ottawa, huku akilea watoto, aliijua vyema hatari hiyo. Kufikia mwaka wa 1905 Desjardins alikaribia kukata tamaa.

Hakukata. Aliwaendea wanasiasa na viongozi wa kanisa, akiwaeleza kwamba mkulima na kibarua wanastahili benki yao wenyewe. Machi 1906, Lomer Gouin akiwa waziri mkuu wa jimbo, bunge la Quebec lilipitisha sheria ya kuvilinda vyama hivyo.

Desjardins alitaka pia sheria ya taifa zima. Mwaka wa 1908 mswada ulipita katika bunge la wawakilishi, lakini Seneti ikauangusha kwa kura moja tu, baada ya wafanyabiashara wa rejareja kuupiga vita. Badala ya kususa, alirudi kujenga chini ya sheria ya jimbo lake. Fauka ya hayo, alialikwa Marekani, ambako jimbo la Massachusetts lilitunga sheria kama hiyo mwaka wa 1909 kwa kunufaika na ushauri wake. Alipofariki mwaka wa 1920, Quebec ilikuwa na vyama vingi vya aina hiyo.

Walimu wenzangu, hapa Kenya tunayo Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya mwaka wa 2008. Ni wangapi kati yetu tumeisoma? Tunanung'unikia makato ya mshahara, na siku ya mkutano mkuu tunabaki nyumbani. Nanyi wanafunzi, mnapojifunza jinsi mswada unavyokuwa sheria, msidhani ni somo la mtihani tu. Wajane wa kijijini kwetu wangalikuwa na sheria ya kushika, wasingalirudi nyumbani mikono mitupu.