Fleming: Msee wa Penicillin Aliyeona Shida Ikikuja

Alexander Fleming alizaliwa 1881, mtoi wa mkulima, ushago huko Scotland. Alikuwa karani wa kampuni ya meli London hadi urithi wa anko wake ukamsaidia kusomea udaktari. Septemba 1928 akarudi kutoka likizo, akapata ukungu umemea kwenye kisahani cha bakteria, na walio karibu nao wamededi. Penicillin hiyo! Kuifanya dawa kamili ilikuwa kazi ya Florey, Chain na mbogi yao ya Oxford.

Hiyo story mnaijua. Sasa Desemba 1945, kwenye hotuba yake ya Nobel, badala ya kujipiga kifua jamaa akatoa onyo. Dozi ikiwa ndogo, bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki wakizaana. Akatoa mfano wa mtu anaumwa na koo, anajinunulia penicillin, anameza kidogo tu (kama vile sisi huomba tembe mbili pale kemisti). Anaambukiza bibi yake, nimonia inamshika, dawa haishiki, anakufa.

Fleming alidedi Machi 1955. Kufikia hapo hospitali zilishaanza kusumbuliwa na staphylococcus isiyosikia penicillin, jamii ile ile ya bakteria iliyokuwa kwenye kisahani chake.