Alan Turing

Alan Mathison Turing (23 Juni 1912 – 7 Juni 1954) alikuwa mwanahisabati, mwanamantiki na mwanafalsafa kutoka Uingereza. Anahesabiwa kati ya waasisi wa sayansi ya kompyuta na wa taaluma ambayo kwa Kiswahili huitwa akili bandia, akili unde au akili mnemba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mmoja wa wataalamu waliofumbua maandishi ya siri ya jeshi la Ujerumani.

Wengi humkumbuka kwa sababu ya vita na kompyuta. Lakini kazi zake zote mbili kubwa za nadharia, ile ya 1936 na ile ya 1950, zilitokana na maswali ya falsafa aliyokuwa nayo tangu ujanani, na ya pili ilichapishwa katika jarida la wanafalsafa, si la wahandisi.

Maisha ya awali

Turing alizaliwa Maida Vale, London. Baba yake, Julius Turing, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Uingereza huko India, katika eneo la Madras. Mama yake, Ethel Sara Stoney, alikuwa binti wa mhandisi mkuu wa reli za Madras. Wazazi waliporudi kazini India, Alan na kaka yake John waliachwa Uingereza walelewe na familia ya mwanajeshi mstaafu katika mji wa St Leonards-on-Sea. Kwa hiyo katika utoto wake aliwaona wazazi kwa vipindi tu.

Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 13, alijiunga na shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kufungua shule iliangukia mgomo mkuu wa wafanyakazi na treni hazikutembea, basi akapanda baiskeli kutoka Southampton, safari ya karibu kilomita 100, akalala njiani usiku mmoja. Shule hiyo ilithamini Kilatini na Kigiriki kuliko sayansi, na walimu wake walilalamika kuhusu mwandiko wake mbaya na tabia ya kujisomea mambo yasiyokuwa kwenye mtaala.

Hapo shuleni alipata rafiki, Christopher Morcom, aliyemzidi darasa moja na kupenda sayansi kama yeye. Waliongea kuhusu nyota, kemia na hesabu. Morcom alikufa ghafla tarehe 13 Februari 1930 kwa matatizo ya kifua kikuu cha ng'ombe alichokipata utotoni kwa kunywa maziwa. Turing alikuwa na miaka 17. Kifo hicho kilimtikisa sana. Kwa miaka kadhaa aliendelea kuandikiana na mama wa marehemu, na katika maandishi fulani aliyomtumia alijaribu kueleza jinsi roho inavyoweza kuungana na mwili, na kama inaweza kubaki baada ya mwili kufa. Baadaye aliacha imani hiyo na akawa mtu asiyeamini kuwepo kwa Mungu, lakini swali la uhusiano wa akili na mwili halikumwacha. Ni vigumu kuisoma kazi yake ya uzeeni, kama mtu aliyekufa na miaka 41 anaweza kusemwa ana uzee, bila kumkumbuka kijana huyo.

Masomo ya chuo kikuu

Mwaka 1931 Turing aliingia King's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea hisabati. Rasmi hakusomea falsafa, ila Cambridge ya wakati huo ilikuwa mahali ambapo mpaka kati ya masomo hayo mawili ulivukwa kila siku. Bertrand Russell na Alfred North Whitehead walikuwa wamejaribu humo kuijenga hisabati yote juu ya mantiki. Mwaka 1933 Turing alisoma kitabu cha Russell kuhusu falsafa ya hisabati, na mwezi Desemba mwaka huohuo alisoma mada yake kuhusu hisabati na mantiki mbele ya klabu ya wanafalsafa wa chuo. Alihitimu mwaka 1934 kwa daraja la kwanza, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 22, alichaguliwa kuwa mwanachuo mtafiti wa King's.

Mwaka 1935 alihudhuria mihadhara ya Max Newman kuhusu misingi ya hisabati. Huko alikutana na tatizo la uamuzi lililotolewa na Mjerumani David Hilbert: je, kuna njia ya uhakika, ya kufuata hatua kwa hatua bila kubahatisha, ya kujua kama sentensi yoyote ya hisabati inaweza kuthibitishwa?

Ili kujibu, Turing alijiuliza kwanza mtu hufanya nini hasa anapokokotoa. Siku hizo neno la Kiingereza ambalo leo maana yake ni kompyuta lilimtaja mtu, yaani karani wa hesabu. Turing alimchukua karani huyo mwenye penseli na karatasi ya miraba, akaondoa kila kisicho cha lazima. Karani huangalia alama moja, hukumbuka yuko katika hali gani, huandika au kufuta, kisha husogea mraba unaofuata. Karatasi ikawa utepe usio na mwisho na karani akawa mashine. Mashine hiyo haikuwa na chuma wala umeme, ilikuwa wazo tu. Alionyesha kwamba inawezekana kuwa na mashine moja ya jumla inayoweza kuiga mashine nyingine yoyote ya aina hiyo ikiandikiwa maelekezo kwenye utepe. Kompyuta na simu za leo hufuata wazo hilo: kifaa ni kilekile, programu ndizo hubadilika. Kisha akathibitisha kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine ya namna hiyo inayoweza kuyaamua, hivyo jibu kwa Hilbert ni hapana. Mmarekani Alonzo Church alifikia jibu hilohilo muda mfupi kabla, kwa njia tofauti. Turing alikwenda kusoma chini yake Princeton, Marekani, na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1938.

Aliporudi Cambridge alihudhuria mwaka 1939 darasa la mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein kuhusu misingi ya hisabati, huku yeye mwenyewe akifundisha kozi yenye jina hilohilo. Wawili hao walibishana mara nyingi. Wittgenstein aliona kwamba hisabati hubuniwa na watu na kwamba mkanganyiko ndani yake si balaa lenyewe. Turing alijibu kwamba daraja lililojengwa kwa hesabu zenye mkanganyiko linaweza kuanguka.

Vita

Uingereza ilitangaza vita tarehe 3 Septemba 1939, na kesho yake Turing aliripoti Bletchley Park, kituo cha siri kilichoshughulikia mawasiliano ya adui. Wajerumani walitumia mashine iitwayo Enigma kuficha ujumbe wao. Wanahisabati wa Poland walikuwa wameanza kuifumbua tangu mwaka 1932 na waliwapa Waingereza maarifa yao kabla tu ya vita. Turing alisanifu mashine ya umeme ya kutafuta mipangilio ya Enigma, ambayo Gordon Welchman aliiboresha, na ya kwanza ilianza kazi mwaka 1940. Yeye aliongoza idara iliyoshughulikia Enigma ya jeshi la majini, iliyokuwa ngumu zaidi, wakati manowari za Ujerumani zikizamisha meli za chakula katika Atlantiki. Kazi hiyo ilibaki siri hadi miaka ya 1970, hivyo majirani na hata ndugu zake hawakuijua alipokuwa hai.

Usiku wa zamu, baada ya kazi, alizungumza na vijana wenzake juu ya mashine zinazoweza kucheza sataranji na kujifunza. Mmoja wao, Donald Michie, baadaye alianzisha utafiti wa akili ya mashine katika Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Swali la mashine na fikra

Baada ya vita Turing aliajiriwa na Maabara ya Taifa ya Fizikia karibu na London, akachora ramani ya kompyuta kamili. Ujenzi ulichelewa na yeye akachoka kusubiri. Mwaka 1948 aliandika ripoti kuhusu mashine zenye akili, ambamo alipendekeza mitandao ya sehemu ndogondogo zinazofunzwa kwa kuziadhibu na kuzizawadia. Mkuu wake, Charles Galton Darwin, mjukuu wa Charles Darwin, aliiona kama insha ya mtoto wa shule. Haikuchapishwa hadi baada ya kifo cha mwandishi. Mwaka huohuo alihamia Chuo Kikuu cha Manchester.

Manchester ndipo masomo yake mawili yalipokutana hadharani. Mwezi Juni 1949 daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Geoffrey Jefferson, alitoa hotuba akidai kwamba mashine haitalingana na ubongo mpaka itunge shairi kwa sababu ya hisia zake yenyewe. Mwezi Oktoba idara ya falsafa iliandaa mjadala kuhusu akili na mashine, na Turing akashiriki pamoja na Michael Polanyi, Newman na wengine. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1950, alichapisha makala yake katika jarida la falsafa liitwalo Mind, ambalo mhariri wake alikuwa Gilbert Ryle.

Turing aliona kuwa kuuliza kama mashine zinaweza kufikiri ni kuuliza swali lisilo na maana thabiti. Badala yake alipendekeza mchezo. Muulizaji yuko chumba kimoja, mtu na mashine wako chumba kingine, na wote huwasiliana kwa maandishi tu. Kama muulizaji hawezi kutambua yupi ni mtu, basi hatuna sababu ya kuinyima mashine kile tunachomkubalia mtu. Hilo ndilo Jaribio la Turing. Mwanafunzi wa Mbagala au Tandika anayeandikiana leo na programu ya maongezi kwenye simu yake amekaa kwenye kiti cha muulizaji.

Makala hiyo pia inajibu hoja tisa za wapinzani, zikiwemo za dini na ile ya Jefferson. Kuhusu hisia, Turing alisema kwa maana kwamba hata za jirani yetu hatuzioni, tunamwamini kwa maneno na matendo yake. Alitabiri kwamba baada ya miaka 50 hivi mashine ingeweza kumdanganya muulizaji wa kawaida, katika mazungumzo ya dakika tano, mara tatu kati ya kumi. Alishauri pia kwamba badala ya kutengeneza akili ya mtu mzima itengenezwe akili ya mtoto, kisha ipelekwe shule.

Kwa msemaji wa Kiswahili, swali hili limo hata ndani ya sarufi. Kiambishi chetu hakitofautishi mwanaume na mwanamke, lakini hutofautisha chenye uhai na kisicho nao: mtu anafikiri, paka anafikiri, ila mashine inafikiri. Wapo wanaosema roboti amejibu na wapo wanaosema roboti imejibu, na anayechagua kiambishi ameshachukua upande kabla ya hoja yoyote kutolewa.

Turing hakuwahi kulisikia jina la Kiingereza la taaluma hii, kwa sababu lilibuniwa Marekani mwaka 1955. Kwa Tanzania, kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka 11 baada ya kifo chake. Leo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam falsafa hufundishwa Mlimani, na kompyuta hufundishwa Kijitonyama, wilaya ya Kinondoni. Anayetaka kuisoma makala ya 1950 ipasavyo atahitaji walimu wa pande zote mbili za safari hiyo fupi.

Hukumu na kifo

Mwezi Januari 1952 nyumba ya Turing iliibiwa. Katika kutoa taarifa polisi alikiri kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanaume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza. Alihukumiwa tarehe 31 Machi 1952. Alipewa kuchagua kati ya jela na kudungwa homoni kwa mwaka mmoja ili kupunguza hamu ya ngono, akachagua homoni. Aliendelea na kazi yake ya chuo, na mwaka huohuo alitoa makala kuhusu jinsi mabaka na maumbo yanavyojitokeza kwenye miili ya viumbe, lakini hakuruhusiwa tena kufanya kazi za siri za serikali.

Alikufa kwa sianidi nyumbani kwake Wilmslow tarehe 7 Juni 1954, na maiti ilikutwa kesho yake. Kando ya kitanda palikuwa na tofaa lililoliwa nusu, ambalo halikupimwa. Uchunguzi wa kisheria uliamua kwamba alijiua. Mama yake alishikilia kwamba ilikuwa ajali, kwani mwanawe alikuwa akifanya majaribio ya kemia nyumbani bila uangalifu.

Kumbukumbu

Tangu mwaka 1966 tuzo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta hutolewa kwa jina lake. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2009, na Malkia Elizabeth II alimpa msamaha tarehe 24 Desemba 2013. Sheria ya mwaka 2017 iliwasamehe maelfu ya wanaume wengine waliohukumiwa kwa sheria za aina hiyo huko Uingereza na Wales. Noti ya pauni 50 yenye picha yake ilianza kutumika tarehe 23 Juni 2021.